Mtungi Usimwagwe

Jumatatu, 4 Machi

Mwanangu,

Kosa ambalo watu wengi hulifanya, wakiwemo wenye vyeti vilivyotundikwa ukutani, ni kudhani kwamba vijidudu huzaliwa na uchafu. Wanaona takataka, wanaona nzi, mtu anaugua, basi wanasema uchafu umezaa ugonjwa. Uchafu hauzai. Unaweza kuwa kitanda cha kijidudu, unaweza kuwa chakula chake, lakini hauwi mama yake. Kila kijidudu kina mzazi, na mzazi huyo ni kijidudu mwenzake.

Jambo hili liliwatoa watu jasho. Mtaalamu mmoja wa zamani alitia mchuzi katika chupa ya kioo, akaivuta shingo ya chupa kwa moto ikawa nyembamba na kupinda kama ya bata, kisha akauchemsha. Hewa iliingia kama kawaida, ila vumbi lilinasa kwenye kona ya shingo. Mchuzi ukakaa miezi bila kuharibika. Alipoivunja shingo, siku chache tu ukachacha. Hewa ilikuwa ileile. Kilichoongezeka ni wageni waliopanda juu ya vumbi.

Nakuandikia haya kwa sababu barua yako niliisoma nimesimama, sikungoja hata kuvua kofia. Kina mama wanne waliojifungua kwa upasuaji katika wodi yako ya wazazi wameshikwa na homa siku ya tatu, na wakubwa wako wanamtafuta mchafu ni nani. Swali hilo halifai. Uliza hivi: kijidudu hiki, mzazi wake anaishi wapi? Mwenye wodi ni wewe, na wewe ndiye utakayepata jibu.

Niandikie usaha una rangi gani na unanukaje. Usione kinyaa, pua ni kipimo cha kwanza. Kisha nieleze tangu mama anapoingia mpaka anapotoka, nani anamgusa na kwa kitu gani. Chuo bado kinaniachia ufunguo wa chumba cha vipimo ingawa nimestaafu miaka sita sasa, kwa hiyo kabati la joto la kuoteshea vijidudu ninalo na hadubini yangu kongwe ninayo. Na kwa kuwa simu ya hospitali yenu imekufa na haizikwi, tumtumie dereva wa gari la wagonjwa. Anapita hapa Jumatatu na Alhamisi.

Mdogo wako Chiriku hajambo na mimba yake? Mwambie asinyanyue ndoo.

Baba yako mkubwa


Alhamisi, 7 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Hawako wanne tena. Wawili wamefariki, mmoja jana asubuhi nikiwa nimemshika mkono, na wapya wameongezeka watatu. Mume wa huyo wa jana aliniuliza, "Sista, mlisema amejifungua salama. Salama gani hii?"

Usaha ni wa kijani. Ukikauka kwenye bandeji unabaki na rangi kama ya bluu. Harufu yake ndiyo inayonitisha, kwa sababu haichukizi. Ni tamutamu, kama matunda yaliyolala kwenye kikapu.

Uongozi umeshampata mchafu wao. Mama wa usafi amesimamishwa kazi. Aliitwa ofisini, akasimama mbele yao na kanga yake imefungwa kiunoni, akasema, "Mimi nafagia sakafu. Wagonjwa wenu wanalala kitandani. Mkiwalaza sakafuni ndipo mniite." Daktari wa upasuaji alicheka, Mganga Mkuu hakucheka. Mimi nilinyamaza, Baba Mkubwa. Nilikuwa mle ndani na nilinyamaza.

Umeniuliza utaratibu. Mama anaingia, anaoga, anavaa gauni letu. Daktari na mimi tunanawa kwa sabuni kwenye bomba. Vyombo vinachemshwa dakika ishirini, nazisimamia mwenyewe kwa saa ya ukutani. Tumbo linasafishwa kwa pamba iliyolowekwa kwenye dawa, ile ya mtungi mkubwa wa glasi ulio mezani. Baada ya upasuaji kidonda kinasafishwa kila asubuhi kwa pamba hiyohiyo ya mtungini. Juu ya mtungi pana karatasi ya zamani iliyopigwa chapa: MTUNGI USIMWAGWE. DAWA IKIPUNGUA, ONGEZA. PAMBA IKIISHA, ONGEZA. Tunaifuata kama sala. Kisha bandeji, kisha kitandani.

Chiriku hajambo, mdomo haufungi. Anasema atajifungulia hapa hapa mwisho wa mwezi. "Dada yangu ndiye mkuu wa wodi, niende kwingine nikatafute nini?" Nimemwambia habari za homa, akasema nisimtishe kama mtoto. Anasema pia mtoto akizaliwa na pua yako, anakurudishia.

Binti yako


Jumatatu, 11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Poleni sana.

Rangi hiyo na harufu hiyo nazifahamu. Ni bakteria mmoja mpenda maji. Hahitaji makuu: tone kwenye mdomo wa bomba linamtosha kujenga na kuzaa. Mmoja anagawanyika kuwa wawili, wawili wanne, na ukilala ukiamka wameshakuwa mji. Mtu wa kwanza kuwaona viumbe wa namna hii alikuwa muuza vitambaa. Alizoea kukagua nyuzi kwa lenzi, akaanza kusaga lenzi zake mwenyewe, akachungulia maji ya ziwa, akachungulia utando wa meno yake, akakuta vinaogelea. Alivihesabu, akavichora. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba vinaua, na yeye hakuuliza. Ilipita karibu karne mbili kabla watu hawajaunganisha mambo hayo mawili.

Katikati ya miaka hiyo alikuwepo daktari wa wodi ya wazazi, kama yako. Hospitali yake ilikuwa na wodi mbili. Moja ilihudumiwa na wakunga, nyingine na madaktari na wanafunzi wao. Kina mama walikufa zaidi kwa madaktari, tena zaidi sana. Akagundua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti, wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Akawaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini. Vifo vikashuka. Unadhani walimshukuru? Walikasirika. Mkono wa muungwana uwe na mauti? Waliona bora kina mama waendelee kuzikwa kuliko wao kuitwa sababu. Alimalizia maisha yake katika hospitali ya vichaa. Mfikirie huyo utakapokuwa umekaa ofisini na wakubwa zako.

Sasa kazi. Nakutumia mirija saba yenye vijiti vya pamba, yote imechemshwa. Pitisha kijiti, kirudishe, ziba, andika. Chukua mdomo wa bomba la kunawia, beseni, kipande cha sabuni, maji ya kusuuzia vyombo, taulo, kucha za daktari na kucha zako. Hiyo ni saba. Usimwonee mtu haya.

Chiriku apumzike.

Baba yako mkubwa


Alhamisi, 14 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Dereva anakuletea mirija minane. Saba ni kama ulivyoagiza. Daktari alitoa kucha zake akinung'unika kwamba tangu azaliwe hajawahi kukaguliwa kucha isipokuwa na mama yake.

Wa nane niliuazima maabara yetu, nikauchemsha mwenyewe. Nitakueleza ulivyokuja. Jana nilikwenda nyumbani kwa mama wa usafi. Nilikwenda kuomba radhi, kwa sababu ule unyamavu wangu ulikuwa unaninyima usingizi. Anaishi chumba kimoja, na Baba Mkubwa, sakafu yake unaweza kulia chakula juu yake. Akaniacha niseme yote, halafu akaniambia, "Sista, miaka kumi na sita naufuta vumbi mtungi wenu. Nauinua, nafuta meza, naurudisha. Sijawahi kuona chini yake pakiwa patupu. Nyumbani kwangu hata debe la maji linamwagwa."

Nikamwambia, lakini ile ni dawa, inaua vijidudu. Akasema, "Haya, kama inaua." Basi.

Nimerudi nikachukua kijiti, nikakipitisha chini kabisa, chini ya pamba. Labda ni ujinga wangu. Huo ndio mrija wa nane.

Chiriku miguu imevimba, na presha inapanda kidogo. Daktari anamfuatilia. Yeye anasema miguu imevimba kwa furaha.

Mgonjwa mmoja zaidi amefariki. Sasa ni watatu.

Binti yako


Jumatatu, 18 Machi

Mwanangu,

Marahaba.

Ngoja nikueleze tunavyofanya, ili usidhani naketi tu. Ukitaka kumjua kijidudu mmoja lazima umtenge na wenzake. Zamani walijaribu kuwaotesha kwenye kipande cha kiazi kilichochemshwa, kisha kwenye rojo la mifupa, lakini rojo liliyeyuka kwenye joto na vijidudu wengine walilila. Aliyeleta suluhisho alikuwa mke wa mtafiti mmoja. Alizoea kugandisha vyakula vitamu kwa unga wa mwani, akawaambia wajaribu huo. Mwani haukuyeyuka. Mpaka leo sahani zetu zote za kuoteshea ni jiko la yule mama. Kila doa unaloliona juu ya sahani ni ukoo mmoja, uliotokana na mzazi mmoja.

Sahani saba hazina cha maana, ni vijidudu vya kawaida vinavyoishi kwenye ngozi ya kila mtu. Ya nane bado sijaridhika nayo. Huenda niliichafua mwenyewe wakati wa kupanda, mikono ya mzee si ya kuaminiwa. Nairudia. Nitakupa jibu kamili Alhamisi ama Jumatatu.

Kwa sasa usibadilishe kitu wodini. Ukibadilisha mambo matatu kwa pamoja na homa ikakoma, hatutajua kipi kilikuwa chanzo, na kesho itarudi. Utafiti unataka subira. Chiriku bado ana siku kumi, tuna nafasi.

Kuhusu mama wa usafi, ulifanya vyema kwenda.

Baba yako mkubwa


Alhamisi, 21 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo,

Naandika kwa haraka, dereva ananipigia honi.

Presha ya Chiriku ilipanda ghafla Jumanne. Daktari akasema hatungoji. Amepasuliwa Jumanne hiyohiyo mchana. Mtoto wa kike, kilo mbili na nusu, analia vizuri. Pua ni yako, pole.

Sikumwachia mtu mwingine ndugu yangu. Nilimsafisha mwenyewe, nikanawa mara tatu, nikachukua pamba mtungini kwa koleo iliyochemshwa. Jana na leo asubuhi nimemsafisha tena. Anasema dawa ni baridi, niipashe moto siku nyingine.

Mchana huu anatetemeka kidogo. Anasema ni maziwa yanaingia. Inawezekana.

Sahani ya nane vipi?

Binti yako


Alhamisi, 21 Machi

Mwanangu,

Nimemwomba dereva ageuze gari sasa hivi na barua hii.

Mwaga mtungi. Usitumie hata tone. Kidonda cha Chiriku kisafishwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa leo na kupoa katika chombo kilichofunikwa. Daktari amwanzishie dawa ya sindano kali kuliko zote alizonazo, asingoje homa ithibitike. Jina la ile inayomuweza kijidudu huyu nimeliandika nyuma ya karatasi. Kama hamnayo, atumwe mtu hospitali kubwa leo.

Sahani ya nane ni ya kijani. Ilikuwa ya kijani tangu Jumamosi.

Baba yako mkubwa


Alhamisi, 28 Machi

Mzee,

Ulikuja mazikoni. Nilikuona umesimama nyuma ya watu, kofia mkononi. Nilipopata nafasi ya kukufuata ulikuwa umeshaondoka. Kwa hiyo naandika.

Barua yako ilifika saa moja usiku siku ile. Mtungi niliumwaga palepale. Chini ya pamba palikuwa na utelezi, kama wa ndani ya bomba la zamani, na ile harufu ya matunda ikajaa chumba. Dawa uliyoandika ilipatikana Jumamosi. Chiriku aliniuliza mara mbili kama mtoto ananyonya, mara ya tatu akaniita mama. Jumanne alfajiri akatutoka.

Tangu tulipoumwaga hakuna mama mwingine aliyeshikwa na homa.

Sasa nina maswali, na sitaki historia. Uliniomba nieleze kila kitu kinachomgusa mgonjwa. Nikaeleza. Ukanipa mirija saba, ukataja hata kucha zangu, mtungi ukauruka. Mtu wa maabara miaka thelathini anarukaje mtungi? Jumamosi uliona kijani. Jumatatu ukaniandikia nisibadilishe kitu. Jumanne mimi kwa mkono wangu huu nikampaka ndugu yangu.

Jibu sikulitafuta, lilikuja lenyewe. Nilimwagiza mtunza stoo abandue ile karatasi. Akaniletea faili lenye waraka wake wa asili. Chini yake pana sahihi ya Fundi Mkuu wa Maabara wa wakati ule. Sahihi hiyo naijua, Mzee. Ndiyo iliyokuwa kwenye ripoti zangu zote za shule, na za Chiriku, tangu baba yetu alipofariki.

Mama wa usafi amerudi kazini. Alichukua ndoo akaanza na chumba cha upasuaji.

Waraka unasema ulipelekwa wodi kumi na mbili. Sisi ni moja. Usiniandikie mimi. Waandikie hao kumi na mmoja, na uwaambie yote, siyo nusu.

Mkunga Mkuu, Wodi ya Wazazi


Jumatatu, 1 Aprili

Kwa mkunga wa zamu, Wodi ya Wazazi

Hunijui, lakini huenda unanitii kila siku. Tazama ukuta ulio juu ya meza ya dawa. Kama kuna karatasi inayosema mtungi usimwagwe, mimi ndiye niliyeiandika.

Niliiandika miaka ishirini na miwili iliyopita. Dawa ya kusafishia ngozi ilikuwa ikiletwa mara mbili kwa mwaka, na nilikuta wauguzi wakimwaga nusu mtungi kila jioni. Niliona ni israfu. Nikasema moyoni, hii ni dawa ya kuua vijidudu, kijidudu gani kitaishi ndani yake? Nilijua kuotesha, nilijua kuhesabu, na sikutia kijiti kimoja ndani ya mtungi huo kuhakikisha. Nilipewa barua ya pongezi.

Jibu la swali langu ni hili. Pamba inayolala ndani ya dawa huinyonya nguvu. Kila unapoongeza dawa mpya juu ya ile iliyochoka, unaichosha na hiyo mpya. Kijidudu kimoja kigumu kinabaki hai, kinashika chini ya chombo, kinajifunika utelezi wake, na wanawe wanazaliwa wakiwa wameshaizoea dawa. Baada ya hapo unachompaka mama tumboni si dawa. Unampaka mbegu.

Katika wodi moja kina mama wanne wamekufa hivyo. Wa nne ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, niliyemlea mimi. Tulimwita Chiriku. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Angeweza kuwa hai. Niliposoma maneno ya karatasi ile katika barua ya mkuu wa wodi hiyo niliyatambua palepale, nikaelekeza macho ya watu kwenye bomba na sabuni. Niliposhika sahani iliyoota kijani, nilijiambia narudia kipimo kwa ajili ya uhakika. Sikuirudia. Niliifunika kwa gazeti, nikaketi siku mbili nikiitazama, kisha nikaandika barua ya kuwazuia wasibadilishe kitu. Nilisema ni subira ya kitaalamu. Nilikuwa naogopa jina langu. Nilidhani nina siku kumi za kutafuta namna ya kulisema jambo hilo bila kulisema. Nilikuwa na siku moja.

Mkuu wa wodi ile ni dada yake. Yeye ndiye aliyemsafisha, kwa mikono misafi kuliko yangu, akifuata maandishi yangu neno kwa neno. Mtu yeyote akikwambia alikosea, mwonyeshe barua hii. Pia kama kwenu kumetokea homa ya siku ya tatu, yenye usaha wa kijani na harufu tamu, na kuna mfagizi au mtumishi aliyefukuzwa kwa ajili hiyo, mtafuteni mumrudishe. Nakala nimepeleka kwa wakubwa wenu na kwa wizara, pamoja na sahani yenyewe. Waamue watakavyo juu yangu.

Usingoje waamue. Hutaambiwa lolote na wizara kabla ya mwezi mmoja, na wodini kwako kuna mama anayejifungua leo. Chukua mtungi huo mikononi, umwage wote, pamba na dawa, uuchemshe, uuache ukauke, na utakachotia humo kesho ukimwage kesho hiyohiyo jioni. Karatasi iliyo ukutani ibandue leo, kabla hujamgusa mgonjwa mwingine.

Aliyekuwa Fundi Mkuu wa Maabara